Chuo cha Kuokoteza

Soko lilikuwa limefurika watu kama siafu, lakini mbele ya meza ya muuza nafaka mmoja palikuwa na uwazi wa hatua tatu. Hakuna aliyetaka kusimama karibu. Katikati ya uwazi huo alichutama mwanamke wa makamo, miwani imemshuka hadi ncha ya pua, akipanga mawe ya shaba juu ya mizani kwa uangalifu wa mtu anayelaza watoto wachanga. Aliweka jiwe la kilo mbili, akautazama mshale, akaguna.

"Gramu arobaini zimekwenda wapi?" aliuliza.

"Labda ni upepo, mama," muuza nafaka alijitetea.

"Upepo huu huvuma siku ninazokuja mimi tu?"

Watu waliangua kicheko. Mwanamke yule hakucheka. Aliing'oa lakiri ya zamani, ile nta ya muhuri wa ukaguzi, akaandika karatasi ya onyo, akamkabidhi mwenye mizani bila neno la ziada. Huyo ndiye Mama Fundi, mkaguzi wa vipimo, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kukubali neno la mtu kuhusu uzito wa kitu chochote mpaka auone mshale kwa macho yake. Hata mumewe, mwoka mikate mpole kama maji mtungini, alikuwa amezoea kuona mkate wake ukipimwa kwanza ndipo uliwe.

Lakini nyani haoni kundule. Mwanamke huyu aliyepima mchele, mafuta, nyama na misumari kwa haki, watu na mambo yao aliwapima kwa jicho tu, tena jicho la haraka. Na jicho lake likishaamua, hata ungeleta mawe yote ya shaba duniani asingebadili nia.

Mwaka ule bintiye wa pekee alikuwa amemaliza kidato cha mwisho. Jina la Fundi alilipata akiwa na miaka tisa, siku alipoifungua redio ya baba yake iliyokufa, akaichokonoa kwa kisu cha mkate, akairudishia ikaanza kuimba. Tangu hapo hakuna kitu kilichoharibika katika nyumba ile kikapelekwa nje. Pasi, saa ya ukutani, feni, hata kikandio cha unga cha baba yake, vyote vilipita mikononi mwake. Matokeo yalipotoka, fizikia na hisabati alikuwa amepata alama za juu kabisa. Kemia ndiyo iliyomvuta shati. Huko aliambulia alama ya katikati.

"Mama, nimejua ninachotaka," alisema siku ya pili, akiweka karatasi mezani. "Nataka kusomea ufundi wa vifaa tiba. Mashine za hospitali: za kupumulia, za kuwapasha joto watoto njiti, za kupimia damu. Kozi iko hapa kwetu, kwenye chuo cha umma cha mkoa. Nitakwenda na basi na kurudi."

Mama Fundi alikuwa na gazeti mkononi. Alilikunjua ukurasa wa kati, ambapo vyuo vyote vilikuwa vimepangwa kwa ugumu wa kuingia, akateremsha kidole chake orodhani. Kidole kilishuka, kikashuka, kikazidi kushuka. Kilisimama mstari wa tatu kutoka chini.

"Hiki hapa?" alisema. "Kati ya kumi wanaoomba, wanapokea wanane? Mwanangu, hata mlango wa soko unachuja kuliko hapo!"

"Mama, hiyo ni hesabu ya chuo kizima. Kozi ya vifaa tiba ina vigezo vyake. Wanachukua—"

"Kozi ni tawi, chuo ndio mti. Ukishaona mti wenyewe umeoza, unangoja tunda gani?"

"Lakini mama, nimesoma kijitabu chao chote. Ukurasa wa kumi na nne wameandika—"

"Kila mtu anaandika. Yule muuza nafaka naye ameandika 'mizani ya haki' kwenye meza yake."

Fundi alimtazama baba yake. Mwoka mikate alikuwa akipangusa unga kwenye nyusi.

"Mama Fundi," alisema taratibu, "mtoto ameleta fomu ya mzazi. Weka sahihi tu. Sahihi haiumi."

"Haikuumi wewe. Mimi nimesikia maneno ya kutosha." Maneno hayo alikuwa ameyasikia kwa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye kijana wake alikuwa akisoma chuo kikuu cha taifa na ambaye hakupitisha siku tatu bila kumkumbusha jambo hilo. Wifi ndiye aliyesema kwenye simu, "Chuo kile wifi yangu? Ukipeleka cheti cha chanjo wanakupokea." Walicheka wote wawili, na Mama Fundi mwenyewe ndiye aliyekibandika jina lililoshika ukoo mzima: chuo cha kuokoteza.

Hata hivyo hakuichana fomu. Aliikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba wake wa kazi, katikati ya kitabu cha maonyo na kipande cha lakiri.

"Nitaifikiria," alisema. "Mwisho wake lini?"

"Ijumaa ya wiki ya tatu, saa kumi jioni."

"Muda upo."

Kumbe muda una tabia ya wezi, huondoka ukiwa unauangalia. Wiki mbili nzima Mama Fundi alihangaika na maombi ya chuo kikuu cha taifa. Mtandao ulizunguka kama pia. Ulimtaka aandike namba ya cheti, akaandika. Ukamwambia namba ina tarakimu pungufu, akaongeza sifuri. Ukamwambia namba hiyo haipo. Aliubamiza mkono mezani hadi vikombe vikaruka. Fundi aliketi pembeni yake, akirekebisha alichokosea mama bila kusema kitu. Walipomaliza huko, Mama Fundi alimwombea pia chuo kingine cha binafsi, kile ambacho kila barabara ilikuwa na bango lake: binti aliyevaa joho, amecheka hadi jino la mwisho, na chini yake maneno ya dhahabu, "Ubora Usio na Mfano." Fomu ile aliijaza mwenyewe haraka haraka akiwa ofisini, kati ya simu mbili.

Jumatano ya wiki ya tatu Fundi aliuliza, "Mama, ile fomu?"

"Ninayo."

Alhamisi akauliza tena.

"Fundi, mbona unanisukuma kama mkokoteni? Nimesema ninayo."

Ijumaa mchana Mama Fundi alikuwa kituo cha mafuta akipima pampu, akimimina lita tano tano kwenye chombo chake cha chuma huku mwenye kituo akimfuata nyuma kama kifaranga. Simu yake iliita. Ilikuwa ya bintiye.

"Mama, niko hapa stendi. Nikiipata fomu sasa hivi nitawahi. Niambie ulipo niifuate."

"Niko kazini, mwanangu. Pampu haziwezi kungoja."

"Mama, nakuomba. Dakika mbili tu."

"Hivi wewe huoni? Wale watakupokea hata ukienda mwakani, hata ukienda umefumba macho! Acha kwanza chuo cha maana kijibu."

Kisha Fundi akasema, "Haya, mama," akakata simu.

Saa kumi na nusu, akitafuta kalamu mkobani, Mama Fundi aligusa ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Kitu kidogo kilimchoma moyoni, kidogo sana. Akajisemea, "Afadhali," akaendelea na pampu ya mwisho.

Jibu la chuo kikuu cha taifa lilikuja baada ya mwezi. Lilikuwa na mistari mitatu, na mstari wa kwanza ulianza na neno "tunasikitika." Kemia. Waliohitajika walikuwa na alama za juu katika masomo yote matatu, na walikuwa wamefurika.

"Wanasikitika!" Mama Fundi alifoka. "Na mimi nisemeje? Mtoto ana fizikia ya kung'aa namna hii!"

"Kanuni yao ndiyo hiyo," mumewe alisema.

"Baba Fundi, nawe uko upande gani?"

"Mimi niko upande wa mtoto. Wewe?"

Mama Fundi alikuwa bado na silaha ya akiba. Chuo cha mabango kilikuwa kimejibu siku nyingi, tena dakika kumi na moja baada ya kupokea maombi. "Hongera sana!" kiliandika, kwa maua na nyota. Wakati ule Mama Fundi alilichukua jibu lile kama ishara ya watu wenye bidii. Sasa alilifungua tena alisome vizuri, akafungua na nakala ya fomu aliyotuma. Alishusha miwani. Akaipandisha. Sehemu ya alama za mtihani ilikuwa tupu. Fizikia, hapana kitu. Hisabati, hapana kitu. Katika haraka yake hakuwa ameandika hata moja.

Chuo kilikuwa kimempongeza mtu ambaye hakikujua alipata nini.

Jumamosi alimchukua bintiye wakaenda kukiona. Sebule ya mapokezi ilikuwa na makochi mekundu na ubaridi wa kumfanya mtu ajikunyate. Binti mmoja aliyevaa suti aliwapokea kwa tabasamu la bangoni.

"Karibuni sana. Huyu ndiye mteja wetu mpya?"

"Huyu ni mwanangu," Mama Fundi alisema. "Nataka kuona karakana ya vifaa tiba."

Ufunguo wa karakana ulitafutwa nusu saa. Ulipopatikana, mlango ulilia kama mtoto aliyeamshwa. Ndani palikuwa na meza safi zisizo na mkwaruzo, viti ambavyo bado vimevikwa nailoni, na kwenye kona mashine moja kubwa iliyofunikwa shuka.

"Hii ni mashine ya kisasa ya hospitali," binti wa suti alisema kwa fahari.

Fundi aliinua pembe ya shuka, akachungulia, akaishusha polepole.

"Dada," alisema kwa adabu, "hii ni mashine ya kudurufu karatasi."

Mama Fundi alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. "Niambie," alimgeukia binti wa suti. "Mwanangu amepata nini kwenye kemia?"

"Amefanya vizuri sana, mama. Ndiyo maana tumemchagua."

"Nani amekwambia? Sikuandika!"

Binti wa suti alitabasamu upya. Njia nzima ya kurudi Mama Fundi alisema peke yake. Aliwasema wenye mabango, akawasema wachapa magazeti, akamsema na yule msichana wa kwenye bango kwa kucheka na kitu asichokijua.

Jumatatu, bila kumuaga mtu, Mama Fundi alipanda basi kwenda chuo cha mkoa. Alikuta majengo ya matofali yaliyopaushwa na jua, vibao vilivyoandikwa kwa mkono na foleni ya watu arobaini mbele ya dirisha moja. Alipanga foleni saa mbili. Zamu yake ilipofika, karani aliyetafuna kifuniko cha kalamu alimwambia kabla hajamaliza salamu, "Maombi yamefungwa, mama."

"Najua yamefungwa. Nauliza yanafunguliwa vipi."

"Mwakani."

"Kijana, ninyi mnapokea wanane kati ya kumi. Mtakosa vipi nafasi ya mtu mmoja?"

Karani alimtazama kwa macho ya mtu aliyelisikia swali hilo tangu asubuhi. "Kozi gani?"

"Vifaa tiba."

"Aa," karani alisema, na "aa" yake ilikuwa ndefu. "Nenda kamwone mkuu wa idara. Jengo la nyuma. Lakini usiweke matumaini."

Mkuu wa idara alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la kazi lenye madoa ya mafuta. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la kioo la kumpashia joto mtoto njiti, amezungukwa na wanafunzi sita. Hakuwapa jibu la kilichoharibika. Alikuwa akiuliza tu. "Joto linapanda, halafu linashuka. Nani wa kwanza kulaumiwa? Kwa nini yeye? Thibitisheni." Wanafunzi walijikuna vichwa, wakapima waya, wakabishana. Mama Fundi alisimama mlangoni akitazama. Kulikuwa na meza zenye makovu, mashine zilizofunguliwa matumbo, na kila moja ilikuwa na kikaratasi chenye jina la zahanati ilikotoka.

Alipomweleza shida yake, mzee alijifuta mikono.

"Mama, tuna nafasi arobaini. Walioomba mwaka huu ni mia nne na kumi na wawili."

Mama Fundi alidhani amesikia vibaya. "Mia nne?"

"Na kumi na wawili. Kisha huwa tunawaita mia moja kwa mtihani wa vitendo. Tunampa kila mmoja kifaa kibovu, tunamwambia atafute ubovu. Kemia ya katikati haitusumbui. Mkono usiotulia ndio unaotusumbua."

"Lakini gazeti limesema wanane kati ya kumi."

"Gazeti halikusema uongo. Limehesabu kozi zote kwa pamoja, za cheti, za jioni, na watu wazima wanaorudi shule. Sheria iliyokianzisha chuo hiki inatutaka tumpokee kila mtoto wa mkoa aliyefikia kiwango, pale penye nafasi. Hatuoni aibu kwa hilo. Mlango wetu ni mpana. Lakini hakuna anayetoka na shahada hapa kwa sababu mlango ulikuwa mpana." Alinyamaza, kisha akauliza, "Binti yako aliweza kutuma maombi?"

"Fomu ya mzazi... haikutiwa sahihi."

"Na nani?"

Swali lilikuwa jepesi, la mtu asiyekusudia ubaya. Mama Fundi alitazama sakafu. Tangu aanze kazi yake, watu mia wamewahi kusimama mbele yake wakitafuta upepo wa kusingizia; sasa zamu ilikuwa yake.

"Na mimi," alisema.

Mzee alitikisa kichwa. "Pole, mama. Arobaini wameshaingia. Nikimtoa mmoja nimweke wako, nitakuwa nimefanya nini?"

Ndani ya basi alikaa amekumbatia mkoba, na jambo moja likamzunguka kichwani kama nzi: mizani haihukumiwi kwa wingi wa watu wanaoipanda, huhukumiwa kwa ukweli wa mshale wake. Mwanagenzi wa siku ya kwanza kazini kwake angemweleza hivyo. Na yeye, mkaguzi wa miaka kumi na tisa, hakufungua hata ukurasa wa kumi na nne.

Alipofika nyumbani alimkuta Fundi akimsaidia baba yake kupanga mikate. Alisema yote kwa pumzi moja: idadi, mtihani, mwakani. Alitegemea kilio au hasira. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Ndiyo, mama," akarudi kwenye mikate.

Hiyo "ndiyo, mama" ndiyo iliyoanza kuvimba. Asubuhi ilikuwa ndiyo mama, jioni ilikuwa ndiyo mama. Mtoto aliyekuwa akibishana naye kwa vicheko juu ya kila kitu sasa alikubali kila kitu. Pasi iliungua waya, ikakaa juu ya kabati. Saa ya ukutani ilisimama saa tatu na robo na hakuna aliyeigusa. Feni ilianza kugonga kama mtu anayebisha hodi.

"Baba Fundi, huyu mtoto ana nini?" Mama Fundi alilalamika, ameshika gauni lililojikunja. "Pasi ina wiki mbili!"

"Fundi amegoma," mumewe alisema.

"Amegoma! Kwani ana chama?"

"Mwenzangu, mimi nilikuambia sahihi haiumi. Kumbe inauma isipowekwa."

Mama Fundi alitoka na gauni lake lililokunjamana, na siku nzima alihisi kila muuza duka anamtazama mikunjo.

Kuomba radhi kwa mdomo hakukumjia. Mdomo wake ulikuwa umezoea kutoa maonyo, si kuyapokea. Akafanya alichoweza. Alikwenda hospitali kuu, ambako alikuwa akikagua mizani ya watoto kila baada ya miezi sita, akamwomba msimamizi wa karakana ampokee bintiye kama mwanafunzi wa kujitolea. Msimamizi, mtu wa maneno machache, alikubali kwa sharti la kuja kabla ya saa moja asubuhi. Jioni Mama Fundi aliliweka jambo hilo mezani kwa sauti kavu, kana kwamba anasoma tangazo.

"Kama unataka," alimalizia.

Fundi aliinua uso. "Nitakwenda."

Alikwenda mwaka mzima. Miezi ya mwanzo alishika tochi na kufagia. Halafu alianza kurudi na hadithi, kwanza kwa baba yake, kisha, kidogo kidogo, mbele ya mama pia: mashine ya kufyonza makohozi iliyozibwa na mende, kipimo cha shinikizo la damu kilichokuwa kikimwambia kila mgonjwa yuko karibu kufa. Siku moja ya Jumapili Mama Fundi alishika pasi kwa mazoea tu, ikamuunguza kidole; kumbe ilikuwa imetengenezwa. Alikaa kitandani akikipuliza kidole chake huku akitabasamu peke yake.

Kijitabu kipya cha chuo cha mkoa kilipotoka, alikisoma kuanzia jalada hadi jalada, na kwenye ukurasa wa vifaa tiba alipigia mistari. Fomu ilipoletwa alitia sahihi akiwa amesimama, mlangoni, kabla hata hajavua viatu. Kisha akaikagua mara tatu na kumtaka mumewe aikague ya nne.

"Sasa umezidisha," mwoka mikate alisema.

"Kagua!"

Walioomba mwaka ule walikuwa mia tano na ushee, na Fundi aliitwa kwenye mtihani wa vitendo. Wazazi walingoja uani, kwenye viti vya mbao. Baba mmoja aliyevaa tai alikuwa akilalamika kwa sauti kwamba haoni haja ya mtihani katika chuo kama hiki. Mama Fundi alimgeukia. Maneno kumi yalimjia ulimini, yote makali. Akameza tisa.

"Kaa, baba," alimwambia. "Wanajua wanachopima."

Fundi alitoka baada ya saa tatu, mikono imejaa weusi, akasema tu kwamba hitilafu zilikuwa tatu na yeye amezipata zote, ila ya mwisho ilimtoa jasho. Wiki mbili baadaye orodha ilibandikwa kwenye ubao nje ya jengo la nyuma. Namba yake ilikuwa ya tano.

Alipiga kelele hadi njiwa wakaruka kutoka paani. Baba yake, aliyefunga duka siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu alipofiwa na mama yake, alimkumbatia huku akimpaka unga. Mama Fundi alisimama mbele ya ubao, akisoma majina yote arobaini kana kwamba anatafuta kosa. Kutoka ndani ya karakana wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwa wakitoka kwa makundi, wakicheka, wakielekezana. Hao ndio Fundi angewaita wakubwa zake. Baadhi yao walikuwa wadogo kwake kwa umri, na fizikia yao haikuifikia yake. Walichomzidi ni mzazi aliyesoma kijitabu.

"Fundi," aliita.

"Abee, mama."

"Mwaka mmoja. Nilikupunja mwaka mzima, mwanangu. Nimewafungia watu mizani kwa gramu arobaini, na wewe nikakupunja mwaka. Nisamehe."

Fundi alijifuta machozi kwa kiganja.

"Mwaka haukuniuma sana, mama. Nimejifunza mengi pale hospitali. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nakueleza, na wewe ulikuwa umeshaamua."

"Najua."

"Lakini nimekusamehe. Siku nyingi. Ila nilitaka ulitamke."

Mama Fundi aliitikia kwa kichwa. Alimsindikiza bintiye hadi kwenye dirisha lile lile la usajili, wakashika foleni ambayo haikupungua hata kidogo, na jua likawapiga, na karani akaenda kunywa chai, na safari hii yeye hakulalamika. Alisimama tu, amemshika mwanawe mkono. Karatasi moja ambayo ingemchukua dakika mbili ilikuwa imekula miezi kumi na miwili ya mtoto wake na amani ya nyumba yake. Na tangu siku ile hakuna aliyehitaji kumweleza kwamba mdharau mwiba, mguu huota tende.